Kabla Boneti Haijafungwa: Jinsi ya Kuchagua Pa Kubadilishia Oili ya Gari Lako

Mwenzetu mmoja hapa kazini ana Toyota Fielder. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akiipeleka kubadilishwa oili kwenye gereji fulani karibu na kwake. Bei ilikuwa nzuri. Kila mara aliokoa kama Sh1,200 akilinganisha na kwa fundi wake wa zamani. Alikuwa akiacha ufunguo, anavuka barabara kwenda kunywa chai kwa kibanda, na baada ya nusu saa anaitwa: "Madam, iko tayari." Analipa kwa simu, anaenda zake.

Asubuhi moja taa nyekundu ya oili iliwaka akiwa njiani. Alidhani gari linamkumbusha tu kwamba service imekaribia, kwa hivyo akaendelea kuendesha hadi kazini. Jioni injini ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga bati. Ikabidi gari livutwe hadi kwa yule fundi wa zamani, mzee wa makamo asiye na maneno mengi. Aliingia chini ya gari, akatoka na filta ya oili mkononi.

"Mama, hii filta ni mimi niliiweka," alisema.

Juu ya filta kulikuwa na nambari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 112,400. Hizo ndizo kilomita gari lilikuwa nazo siku ya mwisho mzee huyo alipolihudumia. Dashibodi sasa ilisoma 127,300. Kati ya nambari hizo mbili, mwenzetu alikuwa amelipia filta mpya mara tatu.

Alirudi kule gereji akiwa amekasirika. Mwenye gereji alimsikiliza, kisha akamwambia fundi huyo alishaondoka, na isitoshe, "hiyo pesa haikuingia kwetu." Mwenzetu alipofungua jumbe zake za malipo, alikuta mwenye gereji hakusema uongo. Malipo yote matatu yalikwenda kwa nambari ya simu ya fundi mwenyewe. Kila mara alikuwa ameambiwa, "Till iko na shida leo, tuma kwa hii yangu." Injini ya mtumba pamoja na kazi ya kuifunga vilimtoka karibu Sh80,000.

Tunasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sababu kina pande mbili zinazotuhusu sote tunaolipa kwa simu. Upande wa kwanza ni gari. Oili ikishabadilishwa na boneti ikafungwa, mteja wa kawaida hana njia rahisi ya kujua alichouziwa. Upande wa pili ni pesa. Ikishatoka kwenye simu yako, kinachobaki ni jina la aliyeipokea. Kwa hivyo unapochagua pa kubadilishia oili, usiulize bei peke yake. Uliza pia: je, hapa nitaona kazi ikifanywa, na je, malipo yangu yatabaki na jina la biashara iliyoifanya?

Unanunua nini hasa?

Oili hulainisha vyuma vinavyosuguana ndani ya injini, husaidia kuondoa joto, na hubeba masizi na uchafu hadi kwenye filta. Inapozeeka, uwezo huo hupungua. Ikikaa muda mrefu kupita kiasi hugeuka tope zito ambalo linaweza kuziba njia zake. Hapo ndipo taa nyekundu huwaka. Taa hiyo huonya kwamba presha ya oili imeshuka. Haikukumbushi service. Ikiwaka, simama mahali salama, zima injini na upige simu. Kilomita chache tu zinaweza kuimaliza injini.

Unapolipia "kubadilisha oili" unalipia vitu vitatu: oili yenyewe, filta na ufundi. Ukipewa bei moja ya jumla, omba itenganishwe. Bei ya chini huwa na sababu, na ni haki yako kujua ni kipi kati ya vitatu hivyo kimepunguzwa.

Oili nazo hazifanani. Nambari kama 5W-30 au 20W-50 huonyesha uzito wake. Nambari iliyo kabla ya herufi W hueleza inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili inavyokuwa injini ikishapata moto. Magari mengi yanayoingia nchini yametumika Japani, na kitabu cha maelezo, kama kipo, huwa kwa Kijapani. Usikate tamaa. Tazama kifuniko cha kutilia oili, mara nyingi nambari imeandikwa hapo. Ukikosa, mwulize fundi unayemwamini kulingana na aina ya injini. Fundi anayesema 20W-50 inafaa kila gari hajakujibu. Injini iliyotengenezewa oili nyepesi ikitiwa nzito, asubuhi ya baridi ya Limuru au Nyahururu oili huchelewa kupanda juu vyuma vikiwa tayari vinazunguka.

Jua pia kiasi. Injini ya 1NZ, iliyo kwenye Probox na Fielder nyingi za sisi 1500, huchukua takriban lita 3.7 pamoja na filta mpya. Ukijua hivyo, utajua mtungi wa lita 4 unapaswa kubaki na kidogo tu. Ukibaki na lita nzima, kuna oili ya zamani iliyobaki ndani au gari halijatiwa ya kutosha.

Sehemu tano ambazo Wakenya huenda

*Kituo cha mafuta.* Vingi vina sehemu ya service kando ya pampu. Faida yake ni kwamba oili hutoka kwenye rafu ikiwa imefungwa, na kwa kawaida kuna till au paybill ya biashara na risiti. Shida ni kwamba huenda wasiwe na filta ya gari lako, na mhudumu anaweza kukusukumia oili ya kampuni yake hata kama siyo nambari unayohitaji. Nenda ukiwa unajua nambari yako.

*Gereji ya jua kali.* Hapa ndipo wengi wetu huenda, na hakuna aibu yoyote. Fundi anayekujua na anayelijua gari lako ataona mpira uliopasuka au breki iliyoisha kabla hujamwambia. Huyo mzee aliyeandika 112,400 kwenye filta ni wa jua kali. Udhaifu ni kwamba gereji nyingi zina mafundi kadhaa wanaoshiriki uwanja mmoja, kila mtu na wateja wake. Uliza mapema: nikirudi na malalamiko, nitamwona nani?

*Duka la oili na spea lenye shimo la kuhudumia.* Unanunua oili na filta dukani, na kazi inafanywa hapo hapo. Bei za vifaa huwa nafuu kwa sababu wanauza kwa wingi. Lakini chunga oili ya pipa, ile ya kupimwa kwa lita. Pipa likishafunguliwa, huna njia ya kujua kilichotiwa ndani baadaye.

*Gereji ya muuzaji rasmi wa gari.* Bei iko juu, lakini kila kitu kinaandikwa, na rekodi hiyo husaidia siku ya kuuza gari. Kwa gari jipya lililo chini ya dhamana, soma masharti ya dhamana kabla ya kwenda kwingine.

*Fundi anayekuja kwako.* Kwa mtu mwenye shughuli nyingi hii ni nafuu kubwa, na tena kazi unaiona ikifanyika mlangoni pako. Sharti ni moja: vifaa uvinunue wewe, au uvilipie wewe moja kwa moja.

Hili la mwisho linahitaji maelezo. Watu wengi humtumia fundi pesa akawanunulie oili na filta mjini, tuseme Kirinyaga Road jijini Nairobi. Si lazima. Fundi akifika dukani, akupigie simu akupe till ya duka. Weka nambari, soma jina linalotokea, na kama ni la duka, lipa. Kama ni jina la mtu binafsi, uliza kwanza. Fundi mwaminifu hatakasirika, kwa sababu utaratibu huu unamlinda hata yeye. Hakuna atakayesema alikula chenji.

Ukifika, tazama haya

Bila kujali umechagua wapi, baki karibu na gari. Chai inaweza kungoja dakika ishirini.

1. Mtungi ufunguliwe mbele yako. Kabla ya hapo, kagua kama ukanda wa kifuniko haujakatika na kama una alama ya ubora ya KEBS. Alama ya bidhaa za humu nchini huwa na nambari ya kibali chini yake. Andika SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, na utume kwa 20023. Jibu likirudi na bidhaa tofauti na uliyoshika, rudisha mtungi.

2. Oili ya zamani imwagwe yote kabla mpya haijatiwa. Injini ikiwa na uvuguvugu hutoka vizuri zaidi. Fundi akifungua kifuniko cha juu na kuongezea tu, huko siko kubadilisha.

3. Filta ya zamani uione ikitoka na mpya ikiingia. Halafu iga ule ujanja wa mzee: andika tarehe na kilomita kwenye filta mpya kwa kalamu ya wino mzito kabla haijafungwa. Service ijayo, filta hiyo itakuambia ukweli.

4. Kijiti cha kupimia kichomolewe gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika chache. Oili iwe kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu si zawadi. Oili ikizidi huweza kufanya povu na kushindwa kulainisha. Kwenye gari la petroli, oili iliyotiwa sasa hivi inapaswa kuwa na rangi ya asali. Kwa dizeli usishtuke, huwa inageuka nyeusi haraka.

5. Mtungi mtupu utoboe au uondoke nao. Mitungi mizima yenye nembo nzuri ndiyo matapeli wanaitafuta ili waijaze oili wasiyojua mwenyewe wala mwenziwe imetoka wapi.

Ongeza na swali moja: oili chafu mnaipeleka wapi? Gereji yenye pipa maalumu la kuikusanyia ina utaratibu. Gereji inayoimwaga mtaroni inachafua maji ya jirani, na mtu asiyejali mtaro huenda asijali injini yako pia.

Kwa ndugu zetu wa boda boda

Pikipiki haitumii oili ya gari hivi hivi. Kwenye pikipiki nyingi tunazoziona stejini, oili moja hulainisha injini, gia na klachi kwa pamoja. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inahitaji msuguano ili ishike. Ukiitia, klachi inaanza kuteleza ukipanda mlima na abiria. Tafuta mtungi ulioandikwa JASO MA au MA2.

Injini ya pikipiki hizi huchukua kama lita moja tu, kwa hivyo hata upungufu mdogo unaumiza. Pima oili mara kwa mara, asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Pikipiki ikikaa gereji wiki mbili, hizo ni wiki mbili bila mapato, na kama ni ya mkopo, mwenye mkopo hangoji.

Sasa tuje kwenye kulipa

Kubaliana bei kamili kabla kazi haijaanza: oili kiasi gani, filta kiasi gani, ufundi kiasi gani. Ukiweza, mtumie fundi bei hizo kwa ujumbe mfupi naye ajibu "sawa." Ujumbe huo ni ushahidi.

Lipa kwa till au paybill ya biashara. Kabla ya kuweka PIN, soma jina. Likiwa tofauti na la gereji, uliza ni la nani. Ukiambiwa till ina shida, una njia tatu: ngoja kidogo ujaribu tena, lipa pesa taslimu upewe risiti yenye jina la gereji, au tuma kwa nambari ya mwenye gereji na uombe risiti inayotaja malipo hayo. Kutuma kwa fundi kimya kimya na kuondoka ndiko kulikomponza mwenzetu.

Wewe ndiye unayeweka PIN. Usimpe mtu simu "akusaidie" kulipa, na usitaje PIN kwa sauti hata kama mikono yako ina grisi. Fute kwanza.

Hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Upige picha ya skrini pamoja na dashibodi inayoonyesha kilomita, uweke kwenye folda moja ya gari. Ukiupoteza, unaweza kuomba taarifa ya miamala yako, lakini picha iliyo na tarehe na kilomita hurahisisha mambo. Kama gari ni la biashara, omba pia ankara ya eTIMS. Tangu Januari 2024, KRA huihitaji ili gharama nyingi za biashara zikubaliwe unapokokotoa kodi.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hawalifahamu, nasi tungependa kulisema wazi. Huduma ya kurudishiwa pesa ni ya muamala uliokwenda kwa nambari isiyo sahihi. Kama ulimlipa mtu uliyemkusudia na kazi yake ikawa mbovu, huo si muamala wa makosa, na sisi hatuwezi kuamua nani ana haki kati yako na gereji. Kile tunachoweza kukupa ni rekodi: nani alilipwa, lini, shilingi ngapi.

Na rekodi hiyo ina nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Mazungumzo na mwenye gereji yakishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Si lazima uwe na wakili. Lakini lazima umjue unayemshtaki, na uonyeshe ulimlipa. Ukilipa kwa jina la mtu ambaye hujui anaishi wapi, umejifungia mlango huo wewe mwenyewe.

Pesa ya oili isitoke kwa pesa ya unga

Watu wengi huchagua pabaya kwa sababu siku ya service imefika na mfuko ni mtupu. Basi piga hesabu mapema. Tuseme service yako yote ni Sh4,500 na unaifanya kila kilomita 5,000. Hizo ni senti 90 kwa kila kilomita. Dereva wa Probox anayekwenda kilomita 150 kwa siku anahitaji kuweka Sh135 kila jioni. Anayeendesha kilomita 20 tu kwenda na kurudi kazini anahitaji Sh18. Weka kiasi hicho kwenye akiba ya simu kila siku, usikiguse, na siku ya service utaingia gereji ukiwa na sauti ya mtu anayechagua. Atakayekuambia "niko na ingine ya bei ya chini" utamjibu bila woga: leta ile niliyokuja kununua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mwenzetu sasa ana folda kwenye simu yake, na alirudi kwa yule mzee. Wiki iliyopita alituonyesha picha mpya: filta ikiwa bado haijafungwa, mkono wa mzee wenye grisi, na nambari iliyoandikwa kwa wino mzito. Safari hii aliyeiandika ni yeye mwenyewe. Chini ya picha kuna ujumbe wa malipo, na jina la aliyepokea ni la gereji.

Wewe je, service yako ya mwisho ulimlipa nani? Fungua jumbe zako usome hilo jina. Kama hulitambui, chomoa kile kijiti leo jioni kabla hujawasha gari tena.